Kisu cha kale au bandia? Namna ya kutambua visu vya kukunja vinavyouzwa kama vya zamani

KISU cha kukunja ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni, lakini kikisemwa kuwa ni cha kale, bei yake huweza kupanda mara kadhaa kuliko ya kisu kipya. Hapo ndipo walaghai wanapopata nafasi. Kisu kilichoundwa mwaka jana hulowekwa katika maji ya chumvi, mpini wake ukapakwa rangi ya majani ya chai, kisha kikauzwa kama urithi wa askari aliyepigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa wakazi wa Kaunti ya Kwale, suala hili haliwahusu watalii pekee. Pwani ya Kusini, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni na Vanga, imepitiwa na vita, mashamba ya miwa na utalii, na kila kimojawapo kilikuja na visu vyake. Mtu anaweza kurithi kisu halisi kutoka kwa babu yake akakiuza kwa bei ya kutupa kwa kutojua thamani yake. Mwingine naye anaweza kununua bandia kwa pesa za karo. Hata mchuuzi mwaminifu huenda akapoteza jina lake kwa kuuza bidhaa ambayo yeye mwenyewe aliuziwa kwa hila.

Mkusanyaji mwenye uzoefu hukubaliana na jambo moja la msingi, nalo ni kwamba chapa haitoshi kuwa ushahidi. Chapa ndiyo sehemu ya kisu iliyo rahisi kuigwa kuliko zote. Kilicho kigumu kuiga ni kupatana kwa sehemu zote, yaani chapa, chuma, bawaba, mpini, uchakavu na historia inayosimuliwa. Sehemu moja ikisema mwaka 1915 na nyingine ikisema mwaka 1960, mojawapo inadanganya.

Visu hivi vilifikaje Kwale?

Kabla ya kukagua kisu, ni vyema kujua ni visu vya aina gani vinavyoweza kupatikana katika eneo hili kwa njia ya kawaida.

Kundi la kwanza ni visu vya kijeshi. Mwezi wa Oktoba 1914, majeshi ya Ujerumani yaliyovuka mpaka kutoka Tanzania Bara ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya koloni lao, yalizuiwa Gazi yakiwa njiani kuelekea Mombasa. Januari 1915 mapigano makali yalitokea Jasin, kusini kidogo ya Vanga. Askari wa King's African Rifles (KAR) na wale wa kutoka India walipita katika vijiji hivi wakiwa na vifaa vyao. Vita vya Pili vya Dunia pia viliwachukua vijana wengi wa Kenya, na waliorudi walirudi na vitu vidogo vya kijeshi.

Kisu cha kukunja cha jeshi la Uingereza cha enzi hizo kilikuwa kizito. Aina iliyoidhinishwa mwaka 1905 ilikuwa na ubapa mmoja, kifungua mikebe, sindano nene ya kufumulia mafundo ya kamba, na pete ya kukifungia kisu kwenye kamba.

Kundi la pili ni visu vya biashara. Visu kutoka mji wa Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani viliuzwa kote katika makoloni. Wasimamizi wa mashamba, makarani na mafundi, wakiwemo wale wa kiwanda cha sukari cha Ramisi kilichofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ni watu wa aina iliyokuwa ikibeba visu kama hivyo mfukoni.

Kundi la tatu lililetwa na utalii. Hoteli za Diani zimepokea Wajerumani, Waswisi, Waitaliano na Wafaransa kwa miongo mingi, na kisu chekundu cha Uswisi ni zawadi ambayo mgeni huweza kumwachia mwenyeji wake. Hivyo basi, kisu cha Uswisi cha miaka ya 1970 kupatikana Ukunda si ajabu. Cha kushangaza ni kisu cha Uswisi cha mwaka 1900 kupatikana hapo bila maelezo yoyote.

Chapa inasema nini?

Chapa ya kisu cha kale kwa kawaida huwa kwenye shina la ubapa, ile sehemu nene ya chuma iliyo karibu na bawaba. Mafundi wa zamani waliigonga kwa nyundo na muhuri wa chuma kigumu. Ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona kwamba chuma kimesukumwa chini, na kingo za herufi zina kina kisicholingana kikamilifu.

Chapa ya kisasa iliyochomwa kwa mwali wa leza huwa nyeusi, nyembamba na sawasawa kila mahali. Ile iliyoliwa kwa tindikali huwa na sakafu ya kijivu isiyo na kina. Ni kweli kwamba viwanda vya zamani pia vilitumia tindikali, lakini mara nyingi ilikuwa ni kwa mapambo na maneno ya kwenye uso wa ubapa. Ukikuta chapa ya shinani imechomwa kwa leza huku kisu kikidaiwa kuwa cha enzi za Malkia Victoria, hakuna haja ya kuendelea na mazungumzo ya bei.

Kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield ni mfano mzuri. Alama yake ya nyota na msalaba wa Malta ilijulikana duniani kote, na kwa sababu hiyo ndiyo mojawapo ya zilizoigwa mno. Waigaji wa karne ya 19 walibadilisha herufi moja ya jina au kuweka alama inayofanana kwa mbali, wakijua kwamba wanunuzi wengi hawakusoma Kiingereza bali walitambua picha tu. Ni hila ile ile inayomkumba mkulima anayenunua panga kwa kutazama picha ya mamba bila kusoma jina lililo chini yake.

Malalamiko ya mafundi wa Sheffield yalichangia Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya alama za bidhaa mwaka 1887. Jambo hili lina funzo kwa mkusanyaji wa leo. Bandia nyingine zina umri wa zaidi ya miaka 100. Kisu kinaweza kuwa cha kale kweli na bado kikawa bandia, kwa hivyo umri pekee hauthibitishi aliyekitengeneza.

Tarehe zisizoweza kurudishwa nyuma

Silaha kubwa ya mnunuzi ni tarehe za uvumbuzi. Mlaghai huweza kuchakaza kisu, lakini hawezi kuifanya teknolojia izaliwe kabla ya wakati wake. Zifuatazo ni baadhi ya tarehe zinazofaa kukumbukwa.

Chuma kisichoshika kutu kilivumbuliwa Sheffield mwaka 1913 na Harry Brearley, na kilichukua muda kuenea katika visu vya kawaida. Kisu chenye ubapa wa chuma hicho hakiwezi kuwa cha karne ya 19, hata kama chapa yake inabeba herufi V.R. za Malkia Victoria aliyefariki mwaka 1901.

Kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 ilianza kutumia jina Victoria mwaka 1909, kwa kumbukumbu ya mama yake. Jina Victorinox lilizaliwa mwaka 1921, baada ya chuma kisichoshika kutu, kiitwacho inox, kuanza kutumika. Yeyote anayekuuzia Victorinox ya mwaka 1910 anakuuzia hadithi.

Bisibisi ya nyota, yenye ncha ya msalaba, ilipata hataza nchini Marekani mwaka 1936. Kisu chenye bisibisi hiyo hakiwezi kuwa cha Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kisu kilichoandikwa West Germany hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka 1949, kwa kuwa nchi hiyo haikuwepo. Ikumbukwe pia kwamba desturi ya kuandika jina la nchi kwenye bidhaa ilienea kutokana na sheria ya Uingereza ya 1887 na ile ya ushuru ya Marekani ya 1890. Maneno Made in England kwenye kisu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1850 ni dalili mbaya.

Opinel ya Ufaransa, yenye mpini wa mbao, ilipata pete ya kufungia ubapa mwaka 1955. Iliyo na pete hiyo ni ya baada ya hapo. Hata hivyo, kukosa pete si uthibitisho wa ukale, kwani zile ndogo kabisa hutengenezwa bila pete hadi leo.

Kutu, makali na bawaba

Hewa ya pwani ina chumvi, na chuma cha kale kilichokaa Msambweni kwa miaka mingi lazima kionyeshe hivyo. Kutu ya miaka mingi huwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Huingia ndani na kuacha vishimo vidogo, na hujikusanya pale mkono na kitambaa visipofika, kama vile kwenye bawaba na ndani ya mpini. Kutu ya kulazimishwa huwa ya rangi ya machungwa, huenea sawasawa kote, na hutoka kama unga ukiisugua kwa kidole.

Uchakavu nao una mantiki yake. Kisu kilichotumika hunolewa, na kila kinaponolewa hupungua. Ubapa wa kale huwa umeliwa zaidi katikati au karibu na ncha, na umbo lake hutofautiana na lile lililotoka kiwandani. Ukikuta ubapa mpana usiowahi kuguswa na kinoo, huku mpini umechakaa kama wa kisu cha miaka 80, jiulize ni kazi gani iliyochakaza mpini bila kugusa makali.

Fungua na ufunge kisu taratibu. Ubapa wa asili hukaa katikati ya mpini, na springi ya mgongoni hulingana na sehemu nyingine kisu kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Mara nyingi ubapa uliotolewa kwenye kisu kingine hugusa upande mmoja, au ncha yake huchomoza. Tazama pia pini zinazoshikilia mpini. Pini mpya zinazong'aa ndani ya mpini mzee humaanisha kwamba kisu kimefunguliwa na kuunganishwa upya.

Sumaku ndogo husaidia, lakini ni lazima uelewe inachokwambia. Vibamba vya ndani vya visu vingi bora vya zamani vilikuwa vya shaba, na sumaku haishiki shaba. Ikishika, huenda ni bati la chuma lililopakwa rangi ya shaba. Kwa upande mwingine, sumaku haiwezi kukutofautishia ubapa wa chuma cha zamani na ule wa chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa kwa kawaida hushika vyote viwili.

Tuchukue mfano. Muuzaji ana kisu cha kijeshi cha chuma kitupu, kisichoshika kutu, chenye maandishi "KAR 1915" yaliyochongwa ubavuni, pamoja na alama ya mistari mitatu iliyokutana nchani kama unyayo wa kuku. Alama hiyo ni ya kweli katika historia, kwani ilitumiwa kwenye mali ya serikali ya Uingereza. Lakini visu vya jeshi hilo vya chuma kitupu namna hiyo vilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kisu chenyewe basi huenda ni halisi, ila maandishi ni ya uongo yaliyoongezwa ili kupandisha bei.

Kioo cha kukuzia kitatoa ushahidi zaidi. Mikwaruzo ya zamani ikikatwa na mchongo wa herufi, basi mchongo ulikuja baadaye. Mikwaruzo ikipita juu ya herufi, huenda ni wa zamani. Tena, mchongo mpya huwa na sakafu inayong'aa kuliko chuma kinachouzunguka.

Mpini na hatari zake

Mipini ya kale ilikuwa ya pembe ya ng'ombe au ya paa, mfupa, mbao, lulumizi, pembe ya ndovu au ganda la ng'amba. Seluloidi, ambayo ni aina ya plastiki ya mwanzo kabisa, ilianza kutumika katika miaka ya 1870, na bakelaiti ilivumbuliwa mwaka 1907.

Mfupa ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonyesha vitone na vistari vidogo vyeusi, ambavyo ni njia za damu za mnyama. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo, na mahali ilipokatwa huonyesha mistari inayokatana kama wavu. Plastiki huwa na rangi moja na mara nyingi hubaki na mstari wa kalibu ubavuni.

Baadhi ya wakusanyaji hupima mpini kwa sindano ya moto. Njia hii haifai. Kwanza huharibu bidhaa ambayo bado si mali yako. Pili, seluloidi hushika moto kwa haraka na inaweza kukuunguza. Seluloidi ya zamani hutambulikana kwa harufu inayofanana na kafuri ukiisugua, na inapoanza kuoza hutoa mvuke unaozitia kutu sehemu za chuma zilizo karibu nayo. Mkusanyaji hukitenga kisu cha aina hiyo na vingine.

Mipini ya pembe ya ndovu na ng'amba ina hatari kubwa kuliko hasara ya pesa. Kenya, iliyoteketeza tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, hairuhusu biashara ya bidhaa hizo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki au kuuza nyara za wanyamapori bila kibali ni kosa linaloweza kuleta faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo cha miaka mingi. Ng'amba, kasa anayeonekana katika bahari ya Diani na Msambweni, analindwa vivyo hivyo. Kwa hiyo, muuzaji anayesifu kwamba mpini wake ni wa ndovu halisi anakuletea tatizo lolote liwalo. Akisema uwongo, umepunjwa. Akisema kweli, umevunja sheria.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 nayo inahesabu kuwa vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895, na havipaswi kupelekwa nje ya nchi bila kibali. Anayetaka kusafiri na kitu cha umri huo anashauriwa kuwauliza kwanza maafisa wa Makavazi, ambao wana ofisi Fort Jesus, Mombasa. Msafiri akumbuke pia kwamba kisu, kiwe cha kale au kipya, hakiruhusiwi kuingia naye ndani ya ndege. Mahali pake ni kwenye mzigo unaokabidhiwa.

Kilichotengenezwa upya si lazima kiwe bandia

Ni vyema kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kisu bandia ni kile kinachobeba chapa ya asiyekitengeneza. Kisu kilichochezewa ni halisi, lakini kimeongezwa maandishi au sehemu ngeni ili kipandishwe bei. Kisu kilichokarabatiwa ni halisi na fundi amebadilisha springi au mpini ili kiendelee kutumika. Nakala ni kisu kipya kilichotengenezwa kwa mtindo wa zamani na kuuzwa kama kipya.

Viwili vya mwisho havina ubaya wowote iwapo muuzaji anasema ukweli. Mzee aliyebadilishiwa mpini na fundi wa kijijini hakumdanganya mtu. Udanganyifu huanza pale ukarabati unapofichwa. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 na mamlaka maalum ya kuitekeleza, lakini kwa mnunuzi wa kisu kimoja kinga ya kwanza ni macho yake mwenyewe na karatasi aliyoandikiwa.

Kabla ya kutoa pesa

Muulize muuzaji alikopata kisu, kisha nyamaza umsikilize. Aliyekinunua kwa familia fulani atakueleza mambo madogo yasiyo na mvuto, ilhali mlaghai hukimbilia kutaja vita na magavana. Omba kukikagua kisu mchana, nje, kikiwa wazi na kikiwa kimefungwa. Tazama kama muuzaji huyo ana vingine kumi vinavyofanana nacho, vyenye kutu ile ile mahali pale pale, kwa maana uchakavu wa kweli haujirudii.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Omba stakabadhi inayotaja kisu, chapa yake, umri unaodaiwa na ukarabati uliofanywa. Muuzaji akikataa kuandika kile alichokisema kwa mdomo, amekwisha kukujibu. Nawe ukirithi kisu nyumbani, usikimbilie kukisugua kwa msasa ili king'ae kabla ya kukiuza, kwani msasa huondoa ile rangi ya miaka mingi ambayo ndiyo ushahidi wako. Kipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha uandike jina la aliyekuwa nacho na mwaka unaoukumbuka.

Kwa anayetaka hasa chuma chenye historia ya Kwale, si lazima atafute nyota ya Sheffield. Kotama la mgema aliyekwea minazi kwa miaka 30, lililofuliwa na mhunzi na kuliwa na kinoo hadi likabaki nusu, halina chapa ya mtu. Hata hivyo, kila alama iliyo juu yake imetokana na kazi, na mwenye kulitumia mara nyingi bado yupo wa kuisimulia.